Bosi anasema tukiomba nyongeza ataleta mashine, ni kweli?

Dada mmoja anayefanya kazi kaunta kwenye mgahawa wa kuku na chipsi hapa Kampala, upande wa Ntinda, ameniandikia. Nimefupisha kidogo na nimetoa vitu vinavyoweza kumtambulisha:

"Mzee, habari ya kazi. Mimi ni keshia, huu mwaka wa tatu. Tuko stafu 14 na wengi wetu tunapata laki nne kwa mwezi na chakula cha mchana. Mwezi uliopita tulikaa tukakubaliana tumuombe bosi atuongezee laki moja kila mtu maana nyumba imepanda na usafiri umepanda. Hakukataa wala hakukubali, alitoa simu akatuonyesha video ya Amerika, mkono wa roboti unakaanga chipsi, akasema huko waliomba dola 15 wakaletewa hii, na nyinyi endeleeni tu. Wiki iliyofuata tukasikia ameagiza tableti sita za kuweka mezani ili wateja wajiagizie wenyewe. Wenzangu wameogopa, wengine wanasema tuache. Mzee, ni kweli tutatolewa? Tuache kuomba? Na kuna mtu ananiambia nilipie kozi ya kompyuta ya milioni moja na nusu ili nisiachwe nyuma, nilipie?"

Dada yangu, asante kwa kuandika, na pole na hiyo presha. Kwa wasionijua, mimi kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mashine za mauzo na vifaa vya jikoni vya migahawa, na kabla ya hapo nilisimama mbele ya mafuta ya kukaangia miaka sita, alama za kuungua bado ziko mkononi. Kwa hiyo hapa naongea kama mtu anayeuza hizo mashine na pia kama mtu ambaye mashine ilikuwa imuondoe. Nitajibu kirefu kidogo, vumilia.

Tuanze na video maana hiyo ndo imewatisha. Hadithi ya dola 15 ni ya kweli. Tarehe 29 Novemba 2012 wafanyakazi kama 200 wa migahawa ya chakula cha haraka kule New York waliacha kazi siku moja wakatoka barabarani, wakadai dola 15 kwa saa na haki ya kuwa na chama. Wakati huo kima cha chini cha taifa lao kilikuwa dola 7.25 kwa saa, kimekaa hapo tangu 2009 na mpaka leo ninavyoandika serikali yao kuu haijakigusa, ila majimbo na miji mingi imepandisha yenyewe. Sasa mwaka 2016, mwezi wa tano, mzee mmoja anaitwa Ed Rensi ambaye aliwahi kuwa bosi wa migahawa ya McDonald's upande wa Marekani alisema kwenye televisheni kwamba ni nafuu kununua mkono wa roboti wa dola 35,000 kuliko kumwajiri mtu wa dola 15 kwa saa akae anafunga chipsi. Hayo maneno yalizunguka dunia nzima, na nadhani hata bosi wako yamemfikia, labda bila jina la mwenyewe.

Sasa wewe ni keshia, hesabu unajua, chukua kalamu.

Mtu wa dola 15 kwa saa akifanya masaa 40 kwa wiki, mwaka mzima ni dola 31,200. Roboti ni 35,000. Kwa hiyo kwa mzungu yule mkono unajilipa kwa mwaka mmoja na kidogo, na kama unashika shifti mbili unajilipa hata kabla ya Krismasi. Kwake hesabu inaingia. Leta mkono huohuo Ntinda. Dola 35,000 tukiweka dola moja kwa shilingi 3,600 ni shilingi milioni 126, na hapo sijaweka meli, sijaweka ushuru, sijaweka fundi. Wewe unapata laki nne, bosi anaongeza asilimia 10 ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii (kama analipa, tutafika huko), inakuwa 440,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni milioni 5 na laki 2 na 80 elfu. Gawanya. Ni karibu miaka 24! Mtoto anazaliwa, anasoma, anamaliza Makerere, roboti bado haijajilipa. Hata tukisema inashika kazi ya watu wawili ni miaka 12, na mimi bado sijaona kifaa cha jikoni kinachokaa karibu na mafuta ya moto kikafika miaka 12 kikiwa kizima.

Na hiyo pesa bosi hana chini ya godoro, atakopa. Mkopo wa shilingi benki zetu uko pale kwenye asilimia 18, 19 kwa mwaka. Asilimia 18 ya milioni 126 ni milioni 22 na ushee, riba peke yake, kila mwaka. Hiyo ni mishahara ya watu wanne kama wewe, analipa benki ili asiwalipe nyinyi wanne, na bado deni lenyewe hajaligusa. Sasa weka ile nyongeza mnayoomba: laki tano kila mtu na NSSF ni 550,000, mwaka ni milioni 6 na laki 6, gawanya tena, miaka 19. Mmeongezewa laki na roboti bado haiingii mlangoni. Kwa hiyo bosi wako akiwaonyesha ile video anawaonyesha kitu ambacho mwenyewe hawezi kununua, na kama anajua hesabu anajua hivyo.

Halafu hata huko Amerika mambo hayakwenda kama video. Roboti moja maarufu inaitwa Flippy, ilianza kazi ya kugeuza nyama za baga Pasadena, California, Machi 2018, ikafanya kazi siku moja hivi ikapumzishwa kwanza. Watu walijaa kuja kuishangaa, na binadamu wa pembeni ambao ndo wanaandaa nyama na kupanga mikate hawakuwa wanaendana nayo, ikabidi warudi wafundishwe. Baadaye wenyewe waliipeleka zaidi kwenye kukaanga, huko inafanya vizuri kidogo maana kukaanga ni kitu kimoja kinarudiwa. McDonald's nao walishirikiana na kampuni ya IBM kujaribu kompyuta ya kupokea oda kwa sauti kwenye lile dirisha la wateja wa magari, wakaanza 2021, ikafika migahawa zaidi ya 100, mwaka 2024 wakaisimamisha. Watu walikuwa wanarekodi video zao, mtu ameagiza aiskrimu inakuja na nyama ya nguruwe juu, wengine mashine inawaongezea vipande vya kuku mpaka bili inafika mamia ya dola na haisikii ukiiambia acha. Kulikuwa pia na kampuni ya piza za roboti, Zume, ilipewa dola milioni 375 na wawekezaji wa SoftBank mwaka 2018, wazo ni kwamba piza inaiva ndani ya gari ikiwa njiani, wakagundua gari likipiga kona jibini inateleza. Walifunga 2023. Fikiria hiyo gari kwenye barabara zetu zenye mashimo, heri hata wangekuja kuuliza mtu wa boda.

Na hili wazo si la jana. Mwaka 1902 huko Philadelphia kampuni ya Horn & Hardart ilifungua mgahawa usio na mhudumu, ukuta mzima ni vidirisha vya kioo, unaweka sarafu, unafungua, unachukua sahani yako. New York wakafungua 1912, ikawa maarufu sana miaka mingi, wa mwisho ulifungwa 1991. Nyuma ya ule ukuta walikuwa watu wamejaa, wanapika, wanajaza vidirisha, wanaosha, ila mteja hakuwaona. Hiyo kumbuka maana inakuhusu.

Sasa tugeuke. Nimekufariji vya kutosha, nikikuacha hapo nitakuwa nimekudanganya, kwa sababu wewe hujaletewa roboti, umeletewa tableti. Na tableti ni bei nyingine kabisa.

Tableti ya kawaida mjini haizidi milioni moja, tuseme laki nane, sita ni milioni 4 na laki 8, na juu yake kuna programu ya kulipia kila mwezi. Keshia mmoja kwa mwaka tumesema ni milioni 5 na ushee. Kwa hiyo kama hizo tableti sita zikiondoa mtu mmoja tu, zinajilipa kwa miezi 11 kwa mshahara wa sasa. Kwa mshahara mnaoomba zinajilipa kwa miezi kama tisa. Umeona hapo? Miezi 11 au tisa, kwa mfanyabiashara zote ni "nunua". Yaani kitu cha bei rahisi kitakuja hata mkikaa kimya, na kitu cha bei kali hakiji hata mkipiga kelele. Laki moja yenu haiamui hilo hata kidogo, na wenzako wanaosema tuache kuomba ili mashine isije wanalipa kodi kwa kitu ambacho hakiuzwi.

Tena ngoja nikuambie kitu kama mtu wa hii biashara. Umesema mliomba, wiki iliyofuata mkasikia tableti zimeagizwa. Hakuna, haiwezi kuwa wiki moja. Mimi nikiuza mfumo kama huo mazungumzo peke yake yanachukua mwezi, miwili. Nakuja naangalia waya na intaneti, naandika bei, bosi anasema punguza, napunguza, anapotea, anarudi, halafu menyu inaingizwa na kila sahani inapigwa picha. Kumbuka vizuri, hakuna siku alikuja kijana na kamera akapiga picha kuku na chipsi na juisi, mkadhani ni matangazo ya Facebook? Kama alikuja kabla ya kikao chenu, basi hizo tableti bosi alishaziwaza zamani, nyinyi mmempa tu nafasi ya kuzitumia kama fimbo.

Na wenye migahawa hawanunui hizi skrini kwa sababu ya mshahara peke yake, wananiambia wenyewe tukikaa. Kikubwa ni kwamba skrini haichoki kuuliza "ongeza soda? ongeza chipsi kubwa?" na mteja akiwa peke yake na picha anaagiza zaidi, haoni aibu kama anavyoona mbele ya foleni. Cha pili ni wizi, samahani lakini ndo ukweli, bosi anaamini kila oda inayopita kwa mashine inaonekana kwenye simu yake akiwa nyumbani. Kuna mkubwa mmoja wa kampuni ya baga kule Amerika, Andy Puzder, mwaka huohuo 2016 alisema wazi anapenda mashine kwa sababu zina adabu siku zote, haziendi likizo, hazichelewi na hazimpeleki mtu mahakamani. Huyo angalau hakuzunguka.

Sasa zikifungwa kinatokea nini? Nikupe ya mgahawa mmoja ambao sitautaja, mteja wangu, tulimfungia tableti kwenye meza zote. Wiki ya kwanza sherehe. Wiki ya pili jikoni wakanipigia simu usiku wananitukana! Kwa sababu zamani foleni ya kaunta ndo ilikuwa inalinda jikoni, keshia anapokea oda moja baada ya nyingine, kila dakika moja au mbili, jikoni wanapumua. Sasa saa saba mchana meza kumi na mbili zinabonyeza kwa pamoja, karatasi zinatoka kwenye printa kama mkeka, na kuku haivi haraka eti kwa sababu ameagizwa kwa tableti. Ikabidi mwenye mgahawa aongeze mtu kwenye mafuta na mtu wa kufunga na kukagua oda. Halafu wazee hawataki kubonyeza, wanainua mkono wanaita nyabo (yaani dada) njoo hapa. Watoto wanatafuta katuni. Mteja wa Kampala anataka kuongea bana, nipe paja usinipe kifua, chipsi zikauke kidogo, kachumbari weka nyingi, na hivi ile balansi yangu ya juzi mliniambia mnaniwekea iko wapi? Tableti itajibu nini hapo. Network ya mobile money ikianguka mtu ameshakula, nani anakaa naye mpaka meseji iingie? EFRIS, ule mfumo wa risiti za kodi wa URA, mamlaka ya mapato, ikikwama risiti haitoki na mteja ana haraka, nani anapambana nayo? Umeme ukikatika, na sisemi ile kampuni inayoitwa Umeme ambayo mkataba wake wa kusambaza uliisha Machi 2025, UEDCL ya serikali wakachukua, nasema umeme wenyewe, nani anaandika oda kwa kalamu?

Baada ya miezi minne tableti mbili zilikuwa zimepasuka na moja iliondoka na mteja. Lakini sikiliza na hii sehemu, usisikie zile tamu tu: wahudumu walikuwa watano, sasa wako watatu. Hakuna aliyefukuzwa. Mmoja alienda kujifungua, hakurudishwa kwenye ratiba. Mwingine alipata kazi Dubai, nafasi yake haikujazwa. Mashine hapa kwetu inafanya kazi hivyo, haipigi mtu teke, inakaa tu kwenye kiti cha aliyeondoka. Kwa hiyo wewe ukiuliza "tutatolewa?" jibu langu ni kwamba nyinyi 14 hamtaamka siku moja mko nje, ila msishangae baada ya mwaka mkawa 12 na kazi ya watu 15.

Na usiniambie mzee anasema mashine haziwezi kuondoa watu Afrika Mashariki kwa sababu mshahara wetu ni mdogo. Zinaweza. Angalia chai. Kericho hapo Kenya wafanyakazi wa mashamba ya chai waligoma mwaka 2010 kwa sababu ya mashine za kuchuma, mashine zikaendelea kuongezeka, na Mei 2023 watu waliingia mashambani wakazichoma moto. Hata mashamba yetu ya magharibi yana hizo mashine. Kwa nini chai ndiyo na mgahawa wako hapana? Kwa sababu mashine moja ya chai inabeba kazi ya watu wengi sana kwa siku, na jani la chai haliombi kachumbari. Ukitaka kupima hatari ya kazi yoyote uliza hivyo tu: kifaa kinabeba kazi ya watu wangapi kwa pamoja, na hiyo kazi inafanana mara ngapi kwa siku. Kupokea oda inafanana. Kukaanga inafanana. Kutuliza mteja aliyepewa oda ya mwenzake haifanani na chochote.

Sasa tuache kuomba? Hapana, ila ombeni vizuri.

Kwanza sheria, ili ujue umesimama wapi. Kima cha chini hapa Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kimewekwa 1984 na hakijabadilishwa, leo hiyo ni rolex (chapati na mayai) mbili, ukibahatika tatu. Bunge lilipitisha muswada wa kima cha chini Februari 2019, Rais akakataa kusaini. Kwa hiyo kwenye kiwango cha mshahara usitegemee serikali, utabaki unangoja. California wao serikali iliingia, tangu tarehe 1 Aprili 2024 mgahawa wa chakula cha haraka ulio chini ya chapa yenye matawi 60 na zaidi nchini unalipa angalau dola 20 kwa saa, karibu 72,000 zetu, yaani mshahara wako wa mwezi mtu anaupata kwa masaa kama sita. Je watu walifukuzwa? Wataalamu wamegombana, wale wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakasema ajira hazikupungua na bei zilipanda kama asilimia 3.7 tu, wengine mwaka 2025 wakatoa hesabu yao kwamba kuna kazi kama 18,000 ambazo zingekuwepo na hazipo. Mimi nikiangalia nasema wote wameona kitu, bei ilipanda kidogo na nafasi zingine hazikujazwa, kama yule wa Dubai.

Kitu ambacho sheria yetu inakupa ni hiki. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema mwajiri akitaka kupunguza watu 10 au zaidi ndani ya miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi au za kiteknolojia, ndiyo, teknolojia imetajwa humo, lazima amwandikie Kamishna wa Kazi aeleze sababu na idadi na lini, na chama cha wafanyakazi kama kipo naye aambiwe. Nyinyi mko 14, kwa hiyo akitoa wawili hiyo haimgusi, lakini akitaka kusafisha nyumba nzima inamgusa. Notisi inamgusa hata kwa mtu mmoja: wewe una zaidi ya mwaka na hujafika mitano, notisi yako si chini ya mwezi mmoja, mwenye mitano mpaka kumi ni miezi miwili, mwenye kumi na zaidi ni mitatu. Na ukiona umetolewa kwa uonevu nenda kwa afisa kazi ndani ya miezi mitatu, usikae nyumbani unalia mpaka muda unapita. Kwa Ntinda utaanzia KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, divisheni ya Nakawa. NSSF fungua kwenye simu leo usiku uangalie, yako asilimia 5, yake asilimia 10, tangu marekebisho ya 2022 hata mwajiri wa mtu mmoja analipa, kisingizio cha "sisi ni wadogo" kimekufa. Kama haijalipwa hiyo ndo nyongeza yenu ya kwanza na si ombi, ni deni. Na chama kipo, kile cha wafanyakazi wa hoteli, chakula, utalii na supamaketi, watu 14 wakienda kwa pamoja wanasikilizwa tofauti na mmoja anayenong'ona.

Sasa hesabu ya kumpelekea bosi. Laki moja mara 14 ni milioni 1 na laki 4, na NSSF ni milioni 1 na laki 5 na 40 elfu kwa mwezi. Inaonekana kubwa ukiitaja hivyo. Lakini wewe ni keshia, risiti zinapita mkononi mwako, unajua mnauza sahani ngapi kwa siku. Mimi nabahatisha 200, wewe weka namba yako. 200 kwa siku ni 6,000 kwa mwezi, gawanya, ni shilingi 257 kwa sahani. Kama kuku na chipsi ni 25,000 basi ni asilimia moja tu, chini ya pakiti moja ya tomato anayogawa bure. Msiende na "bosi tunateseka", anajua mnateseka, hiyo haimsaidii kuamua. Nendeni na 257.

Na mwambieni hivi kuhusu tableti, mimi ndo ningesema hivyo: bosi, tableti karibu, hatuzikatai, ila tukubaliane kwanza nani anazichaji, nani anazifuta mafuta, nani anamfundisha mzee asiyejua kubonyeza, nani anakagua oda kabla haijatoka, na ikivunjika inakatwa kwa nani. Hapo kwenye kukatwa msilegee. Nimeona sehemu tableti inaibiwa na mteja, mwisho wa mwezi inagawanywa kwenye mishahara ya wahudumu, watu wananyamaza. Iandikwe kabla haijafungwa. Halafu ombeni pia usafiri wa usiku kwa wanaofunga, maana shifti ikiisha saa tano usiku boda ya kurudi Kireka au Kyaliwajjala inakula mshahara wa nusu siku, na bosi wengi hukubali usafiri haraka kuliko mshahara, sijui kwa nini, labda kwa sababu wao wenyewe wanaogopa ile barabara usiku.

Kama akisema siwezi laki, nitawapa elfu sitini sasa na arobaini baada ya miezi sita mauzo yakipanda na tableti, si mbaya, chukueni, kwa maandishi. Tableti zenyewe ndo zitawatetea hapo kwa sababu kila oda itakuwa na namba na mauzo yakipanda kila mtu ataona.

Nimebakiza kozi. Milioni moja na nusu ni karibu mishahara yako minne, na kozi nyingi za hivyo wanakufundisha Word na Excel na kukupa cheti chenye picha ya kompyuta. Excel si mbaya, ila usilipe bei hiyo. Bosi ameshakununulia shule, inakuja na lile boksi la tableti. Siku fundi anakuja kufunga, wewe kuwa shifti hata kama ni off yako, mpe chai, simama nyuma yake. Muulize menyu inabadilishwaje, bei inabadilishwaje, kuku akiisha jikoni unamuondoaje kwenye skrini, ripoti ya mauzo inatoka wapi, intaneti ikikata oda zinakwenda wapi, na kama inaongea na EFRIS au mtakuwa mnaandika mara mbili. Andika kwenye daftari. Mafundi tunachoka kupigiwa simu, mgahawa ukiwa na mtu mmoja anayejua hayo tunampigia yeye, na bosi naye anaanza kumwita yeye. Waombe pia watu wa jikoni wakufundishe kupima mafuta na kuchuja na kufunga stoo, ili ujue kitu kabla ya kaunta na baada ya kaunta.

Na yule fundi mwangalie vizuri kama ameleta chaja sita au mbili. Karibu kila mara wanaleta mbili.